Pua ya Ofisa na Kiu ya Shangingi

Siku yangu ya kwanza ya kuendesha shangingi, nilinuswa mikono kabla ya kukabidhiwa ufunguo.

Aliyeninusa alikuwa Ofisa Usafirishaji wa kampuni, mtu wa bara, mzee wa kanisa, mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka yanasimama yenyewe. Kwa umri alikuwa kama mdogo wangu wa mwisho, na adabu aliijua.

"Shikamoo, mzee Chande."

"Marahaba."

"Lete mikono."

Nilidhani anataka kunipa mkono wa karibu. Akaishika yote miwili, akaigeuza viganja juu, akainamisha pua na kuvuta pumzi kama mtu anayechagua nanasi sokoni Mabibo.

"Nataka niijue harufu yako ukiwa bado msafi," akasema. "Siku ikibadilika, nitajua."

Ninyi mnaoanza kazi hii sasa mmezoea magari yanayofuatiliwa kwa simu, bosi yuko kitandani anaona kona uliyokata. Kampuni yetu ilikuwa haijafika huko. Chombo cha ukaguzi kilikuwa pua. Dereva anayeiba mafuta anatumbukiza mpira ndani ya tangi, anavuta kwa mdomo mpaka petroli ije, kisha anaelekeza kwenye dumu. Ndiyo maana tunasema amenyonya. Petroli hiyo humwagika mikononi, na sabuni haiitoi. Kwa hiyo kila jioni, kwa miaka minane, nilipewa shikamoo na kunuswa. Siku nilizokula dagaa aliniambia nipumue kabisa, ili awe na uhakika.

Nilifika kwenye kazi hiyo nikiwa na miaka hamsini na mbili, baada ya kuzunguka sana. Shule niliacha darasa la sita. Ada ilikuwepo. Ila mwalimu alishindwa kunijibu kwa nini birika linaimba kabla maji hayajachemka, na mie nikaona sina sababu ya kukaa na mtu asiyejua. Nikabeba magunia Tandale, nikawa utingo wa malori, nikafungua injini kwa fundi mmoja Gongo la Mboto, nikaendesha malori ya mchanga, kisha gari la maiti, kisha la maharusi. Sikuwahi kumaliza misimu miwili ya mvua kwa tajiri mmoja. Nilifukuzwa kwa ubishi, kwa kuchelewa, na mara mbili kwa kuuliza maswali. Kwa wizi, bado.

Mke wangu, Mama Zuhura, aliposikia nimepata kampuni yenye mshahara wa mwezi, alisema neno moja tu: "Chande, ukiiacha na hii, mie nakuacha wewe."

Kampuni ilikuwa inauza vyakula vya kuku, ofisi yake Gongo la Mboto, na mawakala Mabibo, Tandale, Kinondoni na Temeke. Shangingi lilikuwa la Mkurugenzi. Kwa asiyejua, shangingi ni gari kubwa la juu, la wakubwa. Hili lilikuwa na silinda nane na uzito wa tembo aliyekula. Lilikuja limetumika kutoka Japani, na ukiliwasha mama mmoja ndani ya dashibodi alikusalimu Kijapani. Kulikuwa na skrini inayoonyesha ulaji wa mafuta, nayo kwa Kijapani. Labda muda wote ule ilikuwa inatutetea. Hakuna aliyeielewa.

Mfuniko wa tangi ulikuwa na kufuli. Nilipouliza, Ofisa alicheka kwa uchungu. "Kufuli alinunua dereva aliyekutangulia, Selemani. Mwizi, na kufuli akanunua! Alitaka kunipumbaza." Ufunguo wa kufuli hilo alinikabidhi pamoja na wa gari.

Kisha akanipeleka ukutani. Pembeni ya kalenda alikuwa amebandika ukurasa aliouchapisha kutoka mtandaoni, akauweka ndani ya plastiki. Ulisema gari la aina ile linakwenda kilomita kumi kwa lita moja.

"Hiki ndicho kitabu," akasema. "Mie mtu wa huruma. Kwa ajili ya foleni nakusamehe mbili. Nane. Chini ya nane, unapiga mafuta."

Sasa niwaambie jambo ambalo kitabu hakikuwaambia. Gari zito linakula likianza kuondoka. Kumtoa tembo kwenye usingizi kunataka nguvu, akishatembea, anatembea. Barabara kuu unamwamsha mara moja asubuhi, basi. Mjini unamwamsha, anapiga hatua tatu, unamkanyagia breki, analala tena. Kutoka Gongo la Mboto mpaka Buguruni nilikuwa namwamsha mara mia. Kila ukikanyaga breki, mafuta uliyoyachoma kulifikisha gari kwenye mwendo ule yamegeuka joto la vyuma. Na gari likisimama huku injini inaunguruma, linakula na halisogei. Hapo ni kilomita sifuri kwa lita, na hakuna kitabu kinachoiandika.

Halafu kulikuwa na Mkurugenzi mwenyewe, mtu mwema, mnene, wa pwani ya kusini, asiyestahimili joto. Alikuwa akishuka Kinondoni kuonana na wakala, anainua kidole: "Chande, usizime. Nikirudi nikute baridi." Anasema dakika tano. Anakaa saa nzima, maana wakala anampikia. Mie ndani ya gari najifunika koti kama niko Njombe. Juu ya keria, magunia sita ya sampuli ambayo hayakuwahi kuteremshwa tangu gari linunuliwe. Nilimwambia Ofisa kwamba magunia yale yanakula mafuta. Akanijibu kwamba chakula cha kuku hakinywi petroli.

Mwisho wa mwezi wa kwanza aliniita, akafungua daftari la safari.

"Nne na nusu," akasema. "Nyingine ziko wapi?"

"Zimo njiani."

"Njia gani, mzee wangu?"

"Buguruni."

Hakucheka. "Dereva wa kwanza alileta nne na nusu, nikamwondoa. Wa pili nne na nusu, nikamwondoa. Selemani akaleta nne kamili, huyo hata haya hakuwa nayo. Nakupa mwezi mmoja. Usipofika nane, utakuwa wa nne."

"Ofisa, hujajiuliza inakuwaje watu wasiojuana wanaiba kiasi kilekile?"

"Ndiyo madereva walivyo," akasema, akainusa mikono yangu na kuniaga.

Niliendesha mwezi ule kana kwamba chini ya mguu kuna yai. Nilikuwa natazama mbali, nikiona taa zinageuka nyekundu naacha gari litambae lenyewe. Nilijaza upepo matairi kila Jumatatu, maana tairi legevu ni sawa na kuvaa kandambili kwenye matope. Nikatoka nne na nusu, nikafika nne na robo tatu. Kwangu ulikuwa ushindi. Kwa Ofisa ulikuwa ushahidi: "Kumbe ukiogopa unapunguza kuiba."

Kibaya zaidi, mwezi wenyewe haujaisha, maneno yalivuja ofisini yakafika mtaani. Jumamosi moja nimekaa barazani, bodaboda wawili wakaja na madumu.

"Shikamoo, mzee. Tumeambiwa kwako kuna wese la bei poa."

"Nani kawaambia?"

"Si mtaa mzima unajua! Tupimie tano tano, mzee, sie vijana wako."

Nikawafukuza na ufagio. Wakaondoka wanasema mzee anawauzia wakubwa tu. Jumapili wakaja wengine watatu. Mama Zuhura akatoka jikoni, akatazama yale madumu, akanitazama mie.

"Chande, niambie kweli. Unaiba?"

"Siibi."

"Basi nenda ukathibitishe. Umaskini nimeuzoea. Kuitwa mke wa mwizi na huku hata mafuta yenyewe siyaoni, hilo hapana."

Jumatatu nilimwendea Ofisa mbele ya Mkurugenzi. Nikasema: "Panda mwenyewe. Tujaze tangi, twende barabara kuu, turudi tujaze tena palepale. Lita zitakazoingia ndizo zilizoliwa. Siku inayofuata tufanye hivyohivyo mjini. Ufunguo wa tangi ukae kwako." Mkurugenzi akapenda, kwa kuwa alipenda kitu chochote kinachofanana na mashindano.

Jumapili iliyofuata Ofisa aliiruka ibada, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Tulikwenda mpaka kituo kimoja cha mafuta Kibaha ili tusichanganye foleni ya mjini. Mhudumu wa pampu alikuwa dada mmoja mwenye kofia. Akajaza, mkono wa pampu ukajikata wenyewe kwa mlio wa tak.

"Imejaa," akasema.

"Haijajaa," akasema Ofisa. "Mzee Chande, shuka tutikise."

Hili nanyi mnalijua, mmelifanya. Mtu wa nchi hii akisema fulu, anamaanisha fulu. Tunasimama kila upande, tunalisukuma gari linayumba kama kitanda kibovu, hewa inatoka ndani ya tangi, petroli inashuka, inaongezwa nyingine. Lile tembo tulilitikisa mpaka mama wa Kijapani akaanza kusema ovyo. Likanywa tena, likanywa tena, mpaka petroli ikachungulia mdomoni. Ofisa akafunga kufuli, akajipangusa jasho, akaandika kilomita.

Safari ilikuwa tamu. Mkurugenzi hayupo, magunia yameteremshwa kwa amri yake, kiyoyozi tumezima. Kwenye vijiji nilikwenda hamsini kwa kuogopa tochi za trafiki za kupima mwendo, penye uwazi tisini, sikuzidi. Tukafika Chalinze, Ofisa akanunua nyanya, tukageuza. Kilomita mia moja na arobaini kwenda na kurudi.

Kituoni Kibaha tulikuta basi limetutangulia na malori mawili yanapiga honi nyuma yetu. Dada wa kofia akajaza, tak, akachomoa. "Jamani sogezeni, kuna watu."

Ofisa akasoma pampu. Lita kumi na mbili na nusu. Akagawanya kwenye simu yake, akagawanya tena, kisha akanitazama kwa huzuni ya kweli, kama daktari anayeleta majibu.

"Kumi na moja na zaidi," akasema. "Mzee Chande, gari limekishinda hata kitabu. Na mie nilikuwa nakudai nane! Kumbe nilikuwa nakubembeleza."

Niliyekuja kujitetea nilikuwa nimejifunga kamba mwenyewe. Nikawasha, mama wa Kijapani akanisalimu, nikasogea polepole kuelekea barabarani. Akilini nikamwona Mama Zuhura anafunga kanga zake kwenye shuka. Utakuwa wa nne. Wa nne.

Lakini kichwa changu kina ugonjwa mmoja: hata kikiwa matatani kinauliza. Inawezekanaje gari la tani mbili na nusu likala kama bajaji? Nikafika penye mpira wa kujazia upepo. Pale kulikuwa na kijigari kidogo, na jamaa wawili wanakitikisa wamalizie dumu lao la akiba. Nikakanyaga breki, nyanya za Ofisa zikamwagika zote.

"Nini tena?"

"Ofisa, asubuhi tulitikisa. Sasa hivi hatukutikisa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo asubuhi tulijaza pishi ya mchele kwa kilemba, imerundikana juu, na sasa tumeijaza kwa kukata, sawa na mdomo. Halafu unasema pishi imekua."

Mtu wa bara, lakini kilemba cha pishi alikijua. Nikarudi nyuma mpaka kwenye pampu. Dada wa kofia akashika kiuno: "Nyie si mmeshajaza?"

"Tunataka kutikisa," akasema Ofisa, kwa sauti ndogo.

"Na suruali yako hiyo ya ibada?"

Tukatikisa. Abiria wa basi waliokuwa wananunua maji wakatuzunguka, mmoja akaanza kutuimbia kama wabeba mizigo wanavyoimba, wengine wakaitikia, na wawili wakaja kusaidia bila kuuliza sababu. Tangi lililojaa likapokea lita moja. Likapokea ya pili. Ya tatu. Ya nne, petroli ikachungulia. Ofisa aliitazama ile pampu kama mtu anayemwona nyoka akitoka kwenye kiatu chake.

Kilomita mia na arobaini kwa lita kumi na sita na nusu. Nane na nusu, barabara kuu, gari tupu, bila kiyoyozi. Kitabu chenyewe hakikufikiwa hata pale.

Jumatatu tukafanya ya mjini, gari likiwa na mzigo wake wote: magunia juu, kiyoyozi, Mkurugenzi nyuma, Ofisa kando yangu amekumbatia ufunguo wa kufuli. Tukalitikisa Gongo la Mboto, tukaingia barabarani.

Buguruni tulikaa mpaka Ofisa akamaliza kusoma magazeti mawili. Mabibo lori la ndizi liliziba njia. Mwenye lori na mwenye mkokoteni waligombana, wakapatanishwa, wakagombana tena. Tandale tulikwenda kwa mwendo wa mama mwenye beseni kichwani, na mwishowe mama mwenyewe akatupita. Kinondoni Mkurugenzi akashuka, akainua kidole: "Usizime, Chande. Dakika tano."

Dakika ya arobaini Ofisa alikuwa anatetemeka.

"Zima basi hiki kitu, mzee."

"Siruhusiwi. Nikute baridi, kasema."

Akatazama mshale wa mwendo uliolala kwenye sifuri. Akasikiliza injini inavyonguruma. Akachungulia mshale wa mafuta, na mbele ya macho yake ukashuka unywele mmoja. Alisema kwa kunong'ona, kana kwamba gari lisisikie: "Linakula, na hatuendi."

"Ndiyo Buguruni niliyokuambia. Iko kila mahali."

Jioni tulitikisa tena, Mkurugenzi naye akatia bega, na hapo kwa kweli gari liliyumba. Kilomita sitini na mbili. Lita kumi na nne. Ofisa aligawanya mara moja tu. Nne na kidogo. Chini ya yangu mwenyewe.

"Nimeiba saa ngapi?" nikamuuliza.

Alikaa kwenye tofali kando ya pampu na suruali yake nzuri, akasema: "Niliwaondoa watu watatu."

Nisingependa kumsifu mtu aliyeninusa miaka minane, lakini hili nalisema: hakulificha. Kesho yake aliutoa ukurasa ule ukutani, akaandika mwingine kwa mkono. Barabara kuu, nane. Mjini, nne. Ukiwa na Mkurugenzi, omba Mungu. Kisha akaanza kuwatafuta. Wa kwanza alimpata kwa simu kwao Masasi, analima korosho. Kazi hakuitaka tena, ila aliomba radhi hiyo iandikwe kwenye karatasi yenye muhuri, amwonyeshe mama mkwe. Ikaandikwa. Wa pili namba haikupatikana. Selemani, mie nilijua alipo: Tandale, ana guta lake la matairi matatu, anasafirisha mchele.

Tulimkuta anakula chapati juu ya guta. Ofisa akasimama mbele yake, akavua kofia, akasema maneno aliyoyaandaa usiku kucha: kwamba alimhukumu bila haki, kwamba gari ndilo lililokunywa, kwamba anaomba msamaha mbele ya Mungu na mbele ya mzee Chande.

Selemani akasahau kutafuna. Akatutazama kwa zamu. Kisha akaanza kucheka, chapati mkononi, mpaka guta likatikisika.

"Braza," akasema, "mie nilikuwa naiba kweli!"

Ofisa akarudisha kofia kichwani.

"Lita kumi kwa wiki. Si zaidi, namwogopa Mungu. Lakini ulivyonisomea hesabu zako nilishtuka. Nikasema mbona zinapotea nyingi hivi? Nani ananiibia humu? Nikamshuku mlinzi, nikamshuku mpaka mke wangu. Ndiyo nikanunua lile kufuli!"

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi," akasema Ofisa, akipumua.

"Ulikuwa sahihi kwa lita kumi," nikamwambia. "Zilizobaki ulikosea, na wale wawili wengine ukawakosea kabisa."

Akakubali kwa kichwa. Kisha, kwa kuwa mazoea ni sheria, akamwambia Selemani alete mikono. Selemani akampa. Ofisa akanusa.

"Chapati," akasema.

Nimestaafu mwaka jana. Ile namba ya dereva wa pili Ofisa anaipiga mpaka leo, kila mwisho wa mwezi, na kila mara anaambiwa haipatikani. Nalitaja hili kwa sababu mtu akisoma kisa changu anaweza kucheka mpaka akasahau kwamba mmoja wetu bado anatembea huko akiitwa mwizi.

Sasa nakwenda kwa miguu. Nimejipima: kutoka kwangu hadi sokoni na kurudi ni vikombe viwili vya chai na andazi moja, na njia ya mchanga inaongeza nusu andazi. Mama Zuhura anasema huo ni uongo, njia yoyote nakula maandazi matatu. Inawezekana. Aliyeandika kile kitabu hakusema uongo. Alilipima gari lake kwenye barabara yake, halijabeba magunia ya mtu. Mkipewa namba na mkubwa wa kazi, mwombeni kwa heshima apande akae nanyi siku moja. Na kama ni ya kujaza tangi, mkitikisa mwanzo tikiseni na mwisho.

Siku yangu ya mwisho walinipa saa ya ukutani na kuku wawili. Mkurugenzi alihutubia chini ya kiyoyozi. Nilipokuwa natoka getini Ofisa akanikimbilia, mvi zimemwingia naye.

"Shikamoo, mzee Chande."

"Marahaba."

Nikampa mikono yote miwili mwenyewe. Akaishika muda mrefu, kisha akainama, akavuta pumzi.

"Ileile," akasema. "Ya siku ya kwanza."